Nimeambiwa "yanashughulikiwa" hadi nimechoka. Niombe upya?

SWALI

Shikamoo mama,

Naandika kwa sababu nyumbani tumegawanyika, kila mtu ana lake. Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, maneno yanamtoka kwa shida, na mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha na kumgeuza usiku. Kazi niliacha. Tulipokuwa bado wodini, muuguzi mmoja alitueleza kwamba mtu wa hali yake anaweza kuombewa posho ya ulemavu idara ya ustawi wa jamii, na daktari akatuandikia cheti palepale.

Nilijaza fomu, nikaambatanisha kile cheti, nakala ya kitambulisho cha mama na namba ya akaunti yangu ya benki kwa kuwa yeye hana. Pale mapokezi kuna tangazo ukutani kwamba maombi hushughulikiwa ndani ya miezi mitatu. Muda huo umeshapita zamani. Nikipiga simu naambiwa "yanashughulikiwa". Nikienda mwenyewe, dirisha la kwanza linanituma la tatu, na la tatu wanasema mhusika yuko mafunzoni. Siku moja karani alifungua kompyuta, akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Subiri tu dada, usiwe na wasiwasi." Kule kunyamaza ndiko kulikonitia wasiwasi.

Linaloniuma zaidi ni jirani yetu, mzee mmoja, ambaye aliomba pensheni ya uzee baada yetu na sasa anapokea. Simwonei kijicho, lakini najiuliza sisi tumekosa nini.

Kaka yangu amepata mtu anayedai anawajua walio ndani, anataka "hela ya kusukuma faili". Binamu yangu anasema maombi yetu yalishapotea, niombe upya mtandaoni. Mume wangu anasema ninyamaze, wakiudhika watalitupa faili chini kabisa. Na wale niliowakopa kwa ahadi kwamba hela ya mama ikitoka nitawalipa, wameanza kunikwepa. Au labda mimi ndiye ninayewakwepa.

Sitaji nchi wala ofisi, unielewe. Nishike la nani?

Binti Mlezi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Usiombe upya. Huyo mtu wa kaka yako usimpe hata senti. Na ushauri wa mumeo, pamoja na nia yake njema, nao hautakufikisha popote. Nianze na hili la kuomba upya, maana linawapotezea watu haki yao bila wao kujua.

Katika ombi lolote la posho kuna tarehe moja yenye thamani kuliko zote, nayo ni siku ofisi ilipopokea maombi. Nchi nyingi huhesabu malipo kuanzia siku hiyo, hata kama uamuzi utatoka mwaka mmoja baadaye. Ruzuku za Afrika Kusini zinakwenda hivyo: ukikubaliwa, unalipwa tangu siku uliyoomba. Uingereza, kwa posho yao kuu ya ulemavu, kwa kawaida hesabu huanzia siku ulipopiga simu kufungua ombi, mradi fomu uirudishe kwa wakati. Kwa hiyo huenda miezi hii yote unayoiona imepotea inajikusanya kama malimbikizo ya mama yako. Ukiomba upya leo unaweza kujikuta umeanza kuhesabiwa leo. Halafu kuna balaa la pili: majina mawili yanayofanana, kitambulisho kimoja, maombi mawili. Mfumo unahisi udanganyifu, na yote mawili yanasimama hadi apatikane mtu wa kuyalinganisha. Mtu huyo ndiye yule yule aliyeko mafunzoni.

Hukusema kama unayo risiti au namba ya kumbukumbu. Itafute leo. Kama hukupewa, rudi na nakala ya fomu yako, uombe wakuandikie tarehe waliyoipokea na wagonge muhuri kwenye nakala yako, si kwenye yao. Wakigoma, angalau andika jina la uliyeongea naye na tarehe, mbele yake.

Sasa lile tangazo la ukutani. Watu hulisoma kama ahadi, lakini mara nyingi ni lengo la ofisi, au ni wastani, na wastani una ujanja wake. Chukua maombi 10. Tisa yameamuliwa kwa mwezi mmoja mmoja, la kumi limekaa mwaka mzima. Wastani wake ni miezi miwili na siku chache, na ofisi itautangaza bila kusema uongo wowote. Wa kumi ataendelea kutazama tangazo akidhani amelogwa. Tena ofisi nyingi hazianzi kuhesabu siku uliyokabidhi fomu, zinaanza siku faili lilipohesabiwa kuwa kamili. Wakikuomba kielelezo cha ziada, saa yao inasimama mpaka ukilete. Na kama barua ya kukiomba ilikwenda kwenye anwani ya zamani au namba ya simu isiyopatikana, saa imesimama na wewe huna habari.

Nashuku hicho ndicho alichokiona karani akanyamaza. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini barua yako ina mambo matatu ambayo kila moja peke yake linatosha kulisimamisha faili.

La kwanza ni akaunti. Mwombaji ni mama, akaunti ni ya binti. Kwa afisa wa malipo hiyo ni alama nyekundu, kwa sababu hivyo ndivyo wazee na wagonjwa wanavyoibiwa na ndugu zao wenyewe. Uliza kama wanakubali akaunti ya mlezi, na kwa utaratibu upi. Kama hawakubali, mfungulieni mama akaunti, benki nyingi zina namna ya kumhudumia mteja asiyeweza kusaini au kufika. Jina kwenye akaunti liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tofauti ya herufi moja kwenye jina la tatu inatosha kurudisha malipo.

La pili linanikera zaidi kwa sababu watu hawaambiwi. Wewe si mwombaji. Kama hakuna karatasi kwenye faili inayosema unamwakilisha mama yako, karani anayezingatia kanuni za faragha hana ruhusa ya kukueleza kilichomo. Anabaki na neno moja tu la kukupa, "yanashughulikiwa", na wewe unaona unapigwa danadana. Omba fomu ya kuteua mwakilishi. Mama akiweza kuweka dole gumba mbele ya shahidi, vizuri. Kama kiharusi kimemwathiri hata uelewa, waulize utaratibu wa mtu asiyeweza kujiamulia, maana huo ni mwingine na wakati mwingine unapitia mahakamani.

La tatu ni cheti. Kiliandikwa wodini, kiharusi kikiwa bado kibichi. Watathmini hawapendi vyeti vya namna hiyo, na hapa siwalaumu, kwa sababu wapo wagonjwa wanaorudisha mkono na mguu baada ya mazoezi ya miezi michache. Marekani wameliweka hilo kwenye kanuni zao: kwa mgonjwa wa kiharusi kwa kawaida wanataka ushahidi wa hali yake ilivyo angalau miezi 3 baada ya tukio. Kama kwenu wana mtazamo wa namna hiyo, cheti chako cha mwanzo hakiwaambii wanachotaka kujua. Rudi kwa daktari akuandikie kipya. Na usikubali kiseme tu "kiharusi, upande wa kulia". Jina la ugonjwa haliwasaidii sana, kwa sababu posho ya ulemavu hutolewa kwa kile ambacho mtu hawezi kukifanya. Ile sentensi yako ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza usiku ina nguvu kuliko cheti kizima ulichopeleka. Mwombe daktari aiandike kwa lugha yake. Wewe nawe, kwa wiki moja, andika kwenye daftari kila unachomfanyia na saa yake: saa nane usiku kumgeuza, saa kumi na moja kumbadilisha shuka, dawa, uji, mazoezi. Toa nakala, peleka.

Hapo hapo ndipo palipo jibu la jirani yako. Pensheni ya uzee inahitaji umri, ukaazi, na pengine uthibitisho wa kipato. Karani mmoja anaweza kuvimaliza akiwa amekaa kitini. Posho ya ulemavu inapita kwa daktari, mara nyingi kwa jopo linalokutana kwa ratiba yake, na akikosekana mmoja kikao kinaahirishwa. Mko katika foleni mbili tofauti kwenye jengo moja. Wala ninyi si wa pekee. Huko huko Marekani, mamlaka yao ya hifadhi ya jamii yenyewe inawaambia waombaji wa mafao ya ulemavu kwamba uamuzi wa kwanza kwa kawaida huchukua kati ya miezi 6 na 8. Uchunguze pia kama kwenu sheria yenyewe imeweka kipindi cha kungoja, maana kuna kuchelewa ambako si uzembe wa mtu. Uingereza, anayeomba msaada wao mkuu wa kipato hupata malipo ya kwanza baada ya kama wiki 5, na hivyo ndivyo mpango ulivyoundwa. Kipindi cha namna hiyo hata ukimlilia waziri hakifupiki.

Basi ukienda tena, acha kuuliza "lini?". Swali hilo halina jibu, na linamzoesha karani kukutuliza. Uliza: faili liko hatua gani, linasubiri nini, na kinachosubiriwa kinatoka kwa nani. Likiwa linasubiri kitu kutoka kwako, utakipeleka. Likiwa kwa madaktari, uliza jopo linakaa lini. Akikuambia halisubiri kitu, basi mwombe akuandikie hivyo, uone kama hatalifungua tena hilo faili alitazame vizuri.

Yote hayo yaandike kwa barua, hata kama mmeongea. Si lazima iwe ndefu:

"Ninaandika kwa niaba ya mama yangu kuhusu maombi namba hii, yaliyopokelewa tarehe hii. Muda uliotangazwa na ofisi yako umepita na hatujapata uamuzi wala ombi la kielelezo. Naomba kujulishwa kwa maandishi maombi yamefikia hatua gani, kama kuna kinachopungua, na uamuzi unatarajiwa lini. Mwombaji hawezi kujihudumia, na hana kipato kingine."

Sentensi ya mwisho ibaki tu kama ni kweli. Pelekea mkuu wa kitengo, na nakala yako igongwe muhuri. Kama ofisi ina mkataba wa huduma kwa mteja, unukuu muda ulioandikwa humo, kwa sababu ni maneno yao wenyewe. Wape wiki tatu hivi. Wakinyamaza, nenda kitengo cha malalamiko, kisha kwa taasisi inayochunguza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, au kwa wasaidizi wa kisheria wasiotoza ada. Mbunge naye asidharauliwe. Barua kutoka ofisi yake huwa haikai mapokezi.

Mumeo anaogopa watakuwekea kinyongo. Hofu hiyo naielewa, na maafisa wa namna hiyo wapo, siwezi kumdanganya. Lakini afisa mwenye nia mbaya hujificha kwenye mambo yasiyoandikwa. Barua yenye tarehe na muhuri inampa sababu ya kulisogeza faili, kwa sababu akiulizwa kesho hatakuwa na la kujitetea. Isitoshe, sheria ziko upande wako zaidi ya mnavyodhani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na vyombo vya utawala kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwumiza. Ujerumani, mwombaji anaweza kwenda mahakamani kuushtaki ukimya wenyewe iwapo miezi 6 imepita bila uamuzi na ofisi haina sababu ya kutosha. Afrika Kusini, mwaka 2004, waombaji wa ruzuku ya ulemavu katika jimbo la Rasi ya Mashariki waliokaa bila kujibiwa walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda, na jaji akalalamika kwamba mahakama yake imefurikwa na kesi za aina hiyo. Kwenu sheria inayoitwa ya haki za kiutawala, au ya kupata taarifa, inaweza kuwa na siku zake. Sheria ya Kenya ya kupata taarifa ya 2016, kwa mfano, inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Muulize msaidizi wa kisheria swali moja tu: ofisi ikikaa kimya, sheria inanipa nini na baada ya muda gani?

Huyo kishoka wa kaka yako anauza muda, na muda hauko mikononi mwake. Wengi wao hawamjui mtu yeyote ndani. Wanachukua hela kwa watu kumi wakijua kwamba watatu au wanne majibu yao yatatoka tu wiki hizo, na hao ndio watakaowasifia mitaani. Akishindwa huna pa kumshtaki, kwa kuwa wewe nawe umetoa rushwa. Na akiwa kweli ana mtu wa ndani, ombi la mama yako linakuwa na doa: siku wakikaguliwa, malipo yake yatasimamishwa pamoja na ya wengine. Mwambie kaka yako kwamba akitaka kutoa hela, alipe nauli ya kwenda kwa daktari na gharama za cheti kipya.

Kuhusu madeni. Uliza waziwazi kama kuna msaada wa muda kwa wanaosubiri. Mara nyingi hautangazwi, mpaka uulize kwa jina. Ayalandi wana posho ya msingi ya kujikimu inayoweza kulipwa wakati ombi lako kuu bado liko kwenye foleni. Ujerumani, ikiwa haki ya kulipwa haina ubishi na kilichobaki ni kukokotoa kiasi, unaweza kudai malipo ya awali, na yanatakiwa yaanze ndani ya mwezi mmoja tangu udai. Lakini soma masharti, maana msaada wa muda kwa kawaida hukatwa kwenye malimbikizo, na wa Uingereza wa kuziba zile wiki 5 ni mkopo. Kwa hiyo usiwaahidi wanaokudai malimbikizo yote. Ungeanza kuwapigia wewe kabla hawajakupigia. Waambie ombi liko hatua gani na utakuwa na habari mpya tarehe ipi, na tarehe hiyo ikifika, hata kama huna habari, wapigie. Mtu hakwepwi anapojua unachojua. Uliza pia kama kuna posho ya mlezi, kwa sababu wewe uliyeacha kazi huenda una ombi lako mwenyewe ambalo hujaliandika, na tarehe yake nayo inakimbia.

Mwisho, jibu likija limekataa, usilichane. Tathmini za ulemavu hukataliwa mara ya kwanza kwa wingi, mara nyingi kwa cheti dhaifu kama kile chako cha wodini. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1952, unaweka wazi kwamba mwombaji aliyekataliwa mafao ana haki ya kukata rufaa, na nchi nyingi zina utaratibu wake. Kinachobana ni muda: Uingereza una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, Marekani siku 60. Kwenu siku zitakuwa zimeandikwa kwenye barua yenyewe, mara nyingi kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Andika tarehe uliyoipokea juu ya bahasha, na bahasha yenyewe usiitupe, kwa sababu muhuri wa posta ndio utakaoonyesha kama barua ilikaa njiani wiki mbili huku siku zako za rufaa zinahesabiwa.